Matangazo ya Kuliokoa Gazeti Lako Hapa Arusha

Wewe unayeendesha gazeti dogo hapa Arusha, acha kusubiri zabuni. Tangu mwaka 2023 taasisi za umma zinatangaza zabuni kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, na ule ukurasa mzima uliokuwa ukilipia gharama za uchapaji haurudi. Lakini pesa ya matangazo bado ipo mjini. Imetawanyika kidogo kidogo kwa watu ambao hujawahi kuwabishia hodi.

Anza na mawakili. Wito wa mahakama, mirathi, hati ya kiwanja iliyopotea: haya bado yanahitaji gazeti. Wakili hatafuti punguzo, anatafuta uhakika, maana tarehe ya kesi haimsubiri. Mpe bei isiyobadilika na siku ya kutoka. Likishatoka, mpelekee ofisini nakala mbili za gazeti zima siku hiyo hiyo, kwa kuwa atatakiwa kuionyesha mahakama.

Kampuni za utalii usizipotezee muda. Mteja wao yuko Ujerumani, hayuko Sakina. Walenge wanaoziuzia kampuni hizo: fundi wa Land Cruiser, mshona mahema, muuza mboga wa jumla. Hao ndio wanaotaka kujulikana mjini. Waandalie kurasa maalumu kabla ya maonyesho ya Karibu-KiliFair mwezi Juni, na nyingine za wakulima kabla ya Nane Nane pale viwanja vya Themi, Njiro. Anza kuziuza miezi miwili kabla. Ukienda wiki ya maonyesho, utakuta bajeti imeshaliwa na mabango na fulana.

Mwandikie mteja tangazo lake. Hapa ndipo magazeti mengi yanapozembea. Mwenye duka la pembejeo hana muda wa kutunga. Ukimwachia atakuletea "Tunauza pembejeo bora kwa bei nafuu", na hakuna atakayekuja. Kaa naye dukani nusu saa. Sikiliza wakulima wanauliza nini. Kama ni watu wa nyanya kutoka Ngarenanyuki, utasikia habari ya kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya. Basi kichwa cha tangazo kiwe hivi: "Kantangaze ameingia shambani? Njoo na jani lililoliwa tukushauri dawa." Chini yake weka mahali duka lilipo, bei ya dawa na namba moja ya simu. Mengine yote ondoa.

Kisha mwombe aweke daftari kaunta. Kila anayekuja na jani mkononi, apigiwe mstari. Baada ya wiki mbili rudi mhesabu pamoja. Mistari hiyo ndiyo itakayouza tangazo la pili. Ikiwa michache, badilisha kichwa na umrudishie nafasi moja bure. Atakuheshimu.

Unajua PDF ya gazeti lako inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp bila senti tano. Huwezi kuikimbiza. Itumie: weka tangazo ndani ya ukurasa wa kwanza wenyewe, chini kabisa, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo. Ukurasa ukisambazwa, tangazo linakwenda nao. Uza nafasi hiyo kwa wiki nzima, kwa mteja mmoja tu.

Makala ya kulipiwa chukua, mradi juu yake pawe na neno TANGAZO, kubwa na wazi. Wapo watakaokuomba uliondoe. Kataa kwa upole. Msomaji akigundua kwamba habari ilinunuliwa, hatakuamini tena hata ukimwambia mvua imenyesha Meru, na imani yake ndiyo mali pekee uliyo nayo ya kumuuzia mtangazaji. Pia usimtume mwandishi kudai pesa kwa mtu anayemwandika. Hilo usililegeze hata mwezi ambao mishahara imechelewa.

Halmashauri nazo zitembelee. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Huduma za Habari yalifuta kifungu kilichompa Mkurugenzi wa Idara ya Habari-MAELEZO kazi ya kuratibu matangazo ya serikali. Kwa hiyo peleka barua na orodha ya bei kwa mkurugenzi wa Jiji, wa Meru na wa Arusha DC. Ila pesa hiyo usiipangie gharama za kuchapa. Malipo ya serikali huchelewa.

Tangazo dogo lilipwe kabla, kwa lipa namba. Bei iseme kama VAT imo au haimo, na risiti ya EFD itoke bila kuombwa. Anayetaka kulipa baadaye akupe LPO, nawe peleka ankara siku ile ile tangazo linapotoka. Akiwa hajalipa la kwanza, la pili lisitoke, hata awe mkubwa kiasi gani.