Leza ya mezani: anza na macho

Swali: Nimeagiza mashine ndogo ya 3018 yenye leza na kichwa cha kuchongea. Niifunge vipi nisidhurike?

Jibu: Anza na macho. Leza ya buluu ya mashine hizi huwa na mawimbi ya nanomita 445 hadi 450. Hata mwale uliorudishwa na bati linalong'aa waweza kuunguza retina kabla hujapepesa. Miwani ya bure iliyomo kwenye boksi mimi siiamini. Nunua iliyoandikwa mawimbi hayo na kinga ya OD 5 au zaidi. Moshi utolewe nje kwa feni. Usichome PVC wala ngozi bandia ya PVC: hutoa haidrojeni kloridi, gesi inayounguza mapafu. Ukichonga, bana ubao barabara na uvue glovu. Na mashine ikiwa inafanya kazi, usitoke chumbani, hata ukiitwa chakula.