Paka Akinyonyoka Manyoya: Chunguza Kwanza Desturi za Nyumbani

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Makadara na Buruburu hadi Umoja, Kayole, Dandora na Pipeline, paka wengi hufugwa kwa sababu ya panya. Paka huyo anapotokwa na manyoya na kubaki na mabaka ya ngozi tupu, wenye nyumba wengi humfukuza au humpaka mafuta ya taa. Kumfukuza huacha chanzo cha tatizo ndani ya nyumba. Kumpaka mafuta ya taa kunaweza kumwua.

Kunyonyoka manyoya ni dalili, kama homa ilivyo kwa binadamu. Chanzo chaweza kuwa viroboto, upele, ukungu wa ngozi, maumivu, hofu au lishe duni. Mara nyingi, mambo tunayoyafanya kila siku ndiyo huanzisha tatizo au hulizidisha.

Tazama mahali manyoya yalipotoka

Mgongo wa chini, karibu na mkia, na nyuma ya mapaja: shuku viroboto.

Kingo za masikio, kisha uso na shingo, pamoja na magamba mazito na kujikuna sana: shuku upele.

Mabaka ya mviringo yenye magamba kichwani, masikioni au miguuni: shuku mashilingi.

Tumbo na ndani ya mapaja, bila kidonda: huenda paka anajilamba kupita kiasi. Ulimi wake una miiba midogo inayokata manyoya. Wengine hufanya hivyo wakiwa wamejificha, kwa hiyo mwenye nyumba huona matokeo tu.

Mstari unaozunguka shingo: tazama kamba au ukanda uliomfunga.

Ishara hizi hukuelekeza tu. Uthibitisho ni kazi ya daktari wa mifugo.

Desturi ya 1: Kumtibu paka na kusahau nyumba

Kiroboto jike hutaga mayai mengi kila siku. Mayai hayo hayakai juu ya paka; huanguka kwenye zulia, makochi, godoro na nyufa za sakafu. Huko huwa viluwiluwi, kisha viroboto wapya. Ukimtibu paka leo bila kugusa matandiko yake, baada ya wiki chache utaona viroboto wamerudi na kudhani dawa ilikuwa bandia.

Kwenye ploti au ghorofa, paka hutembelea milango mingi. Majirani wakitibu wanyama wao siku moja, pesa haipotei. Kupima ni rahisi: chana paka kwa chanuo lenye meno ya karibu, la chawa, na uweke uchafu mweusi utakaopata juu ya karatasi nyeupe yenye maji. Ukigeuka wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, nacho ni damu iliyomeng'enywa. Usisubiri kuona viroboto wenyewe, kwani paka huwameza anapojilamba. Kwa paka mwenye mzio, kuumwa mara chache tu kunatosha kumfanya ajikune hadi atoke manyoya.

Desturi ya 2: Dawa ya mnyama mwingine

Hii ndiyo desturi ya hatari zaidi. Mwili wa paka hushindwa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo mbwa na ng'ombe huzihimili. Permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za viroboto vya mbwa na za kunyunyizia mifugo, humfanya paka atetemeke, apate degedege na hata afe. Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe nayo haimfai. Sindano ya aivamektini iliyopimwa kwa macho, kwa kipimo cha ng'ombe, huweza kumzidi paka wa kilo 3.

Mafuta ya taa, oili chafu ya gari na Jik huchoma ngozi. Kisha paka hujilamba na kumeza sumu hiyo. Sabuni ya kufulia, hasa ikitumiwa mara kwa mara, hukausha ngozi na kuongeza mwasho.

Unaponunua dawa, sema wazi kwamba ni ya paka, taja umri na uzito wake, na usome kibandiko. Ikiwa paka hakutajwa, usiitumie. Kama tayari umempaka sumu na anatetemeka au anatokwa na mate, mpeleke kwa daktari mara moja pamoja na chupa ya dawa hiyo.

Desturi ya 3: Kumnyima chakula ili awinde

Paka aliyeshiba bado huwinda. Njaa humdhoofisha tu. Manyoya hutengenezwa kwa protini, na mwili wa paka huitegemea nyama. Ugali na maziwa pekee havimtoshi, na paka wengi wakubwa huharishwa na maziwa. Omena aliyechemshwa bila chumvi, matumbo yaliyopikwa na mayai ni msaada wa bei nafuu, mradi ubadilishe vyakula hivyo badala ya kumpa kimoja kila siku. Usimpe mabaki ya mchuzi wenye vitunguu, kwa kuwa vitunguu huharibu damu yake.

Desturi ya 4: Kumfunga na kumfungia

Kamba ya shingoni hukwangua manyoya, na paka anapokua huingia katika ngozi. Paka aliyefungiwa peke yake chumbani kutwa nzima, au aliyehamishwa nyumba ghafla, anaweza kujilamba kwa wasiwasi. Mpe mahali pa kujificha, kitu cha kukwaruza na dakika chache za kucheza. Hata hivyo, usiamue mwenyewe kwamba ni wasiwasi tu. Paka mwenye maumivu ya kibofu pia hulamba tumbo.

Desturi ya 5: Kulala na paka mwenye mabaka

Mashilingi huambukiza watu. Mtoto anayemkumbatia paka mgonjwa huweza kupata mabaka mwilini au mapunye kichwani. Si kila mapunye hutoka kwa paka. Mengi hupita kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Lakini nyumba yenye paka na mtoto wenye mabaka kwa wakati mmoja inahitaji matibabu ya wote wawili. Mapunye ya kichwani kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Mpeleke mtoto kituo cha afya.

Mbegu za ukungu huu hukaa ndani ya nyumba kwa miezi mingi. Fagia manyoya kila siku, fua matandiko, osha sakafu kwa sabuni, kisha pangusa kwa sehemu 1 ya Jik katika sehemu 32 za maji. Fungua madirisha, usiichanganye na dawa nyingine, na umweke paka mbali hadi sakafu ikauke.

Wapi pa kupata msaada

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la huduma za mifugo na la ustawi wa wanyama. Anza kwa kuuliza katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo huko Kabete. Kwa daktari wa kibinafsi, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Usingoje ikiwa kuna vidonda au usaha, paka amekataa kula, anahangaika kukojoa, au mtu wa nyumbani ameanza kuwashwa.

Maswali ya kujipima

1. Ni wapi katika nyumba yako mayai ya viroboto yanaweza kujificha?
2. Dawa ya mwisho uliyompa paka wako, kibandiko chake kilitaja mnyama gani?
3. Paka wako alikula nini jana, mbali na panya?
4. Nani katika ploti yenu mnaweza kutibu naye wanyama siku moja?