Kabla ya Upasuaji: Kwa Nini Mgonjwa Hupimwa na Kuulizwa Maswali Mengi

Mgonjwa aliyepangiwa upasuaji wa ngiri hushangaa anapoulizwa kama ana meno ya bandia. Ngiri iko kinenani. Meno yanahusu nini? Yanahusu. Mtu akishapewa dawa ya usingizi, huenda akawekewa mpira wa kupitisha hewa kooni, na jino lililolegea likidondoka linaweza kuziba njia ya pumzi. Mengi ya maswali ya kabla ya upasuaji ni ya namna hiyo. Yanauliza kama mwili utaweza kustahimili kazi yenyewe.

Ndiyo maana ni bora uchunguzi huu ufanywe wiki kadhaa mapema, pale upasuaji usipokuwa wa dharura. Mwenye upungufu wa damu akigunduliwa mapema hupewa tembe za madini ya chuma, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Akigunduliwa asubuhi ya upasuaji, linalobaki ni kuahirisha au kutafuta damu ya kuongezewa, na damu haipatikani kila mara. Shinikizo la damu nalo likifika 180/110, upasuaji unaoweza kusubiri aghalabu huahirishwa hadi lishuke. Sukari hupimwa kwa sababu ikiwa juu kidonda huchelewa kupona na huambukizwa kwa urahisi. Familia zenye ugonjwa wa selimundu, unaopatikana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani, zinafaa kulitaja hilo bila kungoja kuulizwa.

Kisha kuna dawa. Mgonjwa hutakiwa kuja na pakiti zote anazotumia nyumbani, pamoja na mitishamba. Hapa ndipo wengi hunyamaza, wakiogopa kukaripiwa. Lakini baadhi ya dawa, za hospitali na za kienyeji, huongeza kutokwa na damu, na miraa huharakisha mapigo ya moyo. Mhudumu wa dawa ya usingizi akijua, hujipanga. Dawa za kuzuia damu kuganda huenda zikasimamishwa siku kadhaa kabla, ilhali nyingi za shinikizo huendelea; uamuzi huo ni wa daktari, si wa mgonjwa wala jirani. Mvutaji sigara akiacha angalau wiki nne kabla, mapafu na kidonda hunufaika.

Kuhusu kufunga, utaratibu wa kawaida kwa mtu mzima ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji, ila hospitali ikitoa saa nyingine, hizo ndizo za kufuatwa. Chai ya maziwa huwaponza watu wengi: huhesabiwa kama chakula, hata ikiwa nusu kikombe. Tumbo likiwa na kitu, mgonjwa aliyelala anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Mtoto anayenyonya huachishwa titi saa 4 kabla.

Rangi ya kucha na hina nyeusi vidoleni huweza kupotosha kifaa kinachovikwa kidoleni kupima oksijeni, kwa hiyo arusi ikikaribiana na upasuaji, afadhali kidole kimoja au viwili viachwe vitupu.

Fomu ya idhini hutiwa sahihi baada ya maelezo, na mgonjwa ana haki ya kuyapata kwa lugha anayoielewa. Akipata homa au kikohozi baada ya kupimwa, aijulishe hospitali kabla ya siku yenyewe, ili nafasi yake apewe mwingine naye apangiwe tarehe mpya.