Somo la Kiingereza: Ardhi Tupu

Msemaji wa Kiswahili husema gunia tupu, karatasi tupu, nyumba tupu na kilima kitupu, wala hasumbuki, kwa kuwa neno lake moja humtosha. Afikapo kwenye Kiingereza huona kazi hiyo imegawanywa. Gunia lisilo na kitu ndani ni "empty". Karatasi isiyoandikwa ni "blank". Nyumba isiyo na mpangaji ni "vacant". Mguu usio na kiatu ni "bare".

Mwanafunzi akisema "bare bag" atachekwa kidogo, na mambo yatakwisha. Lakini yako makosa yasiyochekesha, hasa yanapohusu ardhi, na mfano mzuri ni Machakos.

Katika miaka ya 1930 vilima vingi vya wilaya hiyo vilikuwa vimepoteza majani, na mvua ikichukua udongo wake. Vilima hivyo vilikuwa "bare". Mwandishi mwenye haraka angeweza kuandika "barren", kwani maneno hayo husikika kama ndugu. "Bare" hueleza lionekanalo kwa macho: majani hayapo. "Barren" hueleza tabia: ardhi haizai, kama ng'ombe tasa. Asomaye la kwanza atauliza jinsi ya kurudisha majani. Asomaye la pili hataona haja ya kuuliza. Wakamba walichimba matuta, wakapanda miti, na kitabu cha Mary Tiffen na wenzake, kilichotolewa mwaka 1994, kilionyesha kwamba kati ya 1932 na 1990 watu wa Machakos walizidi mara tano na zaidi, na mmomonyoko ukapungua. Ardhi haikuwa tasa.

Neno la hatari zaidi ni "vacant". Hilo halisemi tu kwamba mahali hapana kitu. Husema hapana mwenye kupashika, na mwingine aweza kuingia. Wakamba walikuwa na weu, malisho ya wote, na ng'ombe walipelekwa mbali kwenye vibanda vya wachungaji viitwavyo syengo. Mgeni apitaye mifugo ikiwa imekwisha ondoka angekuta kimya. Kupaita "empty" siku ile si uongo. Kupaita "vacant" ni kutoa hukumu juu ya haki za watu. Na hukumu hiyo ilikuwa na uzito: Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1902 ilisema kwamba ndani ya eneo lililokodishwa, sehemu waliyoikalia wenyeji haikuhesabiwa katika ukodishaji maadamu wameikalia; walipoiacha, ilimwangukia mwenye kukodi. Kwa hiyo shamba lililopumzishwa ili lipate nguvu lilihitaji neno lake, "fallow", ambalo humwacha mwenye shamba mahali pake.

Si kwamba Kiswahili ni maskini. Kina tasa, kame, wazi, na hata mahame, yaani mahali palipohamwa. Ni mazoea tu ya kutumia "tupu" kila mahali. Mwanafunzi na ajiulize kwanza: kimekosa nini? Vitu, majani, maandishi, mwenyewe, au uzazi? Jibu litamwonyesha neno.

Zoezi. Andika kwa Kiingereza: Ghala la mahindi ni tupu. Mti huu umepukutika majani yote. Nafasi ya karani haina mtu. Shamba la mjomba halikulimwa mwaka huu, lakini mjomba yupo.