KUGEUZA LISTI BILA KUIHARIBU

Tuko na listi ya pointi juu ya 20:

pointi = [14, 9, 17, 6]

Tunataka ziwe juu ya 100. Wengi wetu tunafuta 14, tunaandika 70 mahali pake. Lakini ukiendesha kazi ile mara ya pili kwa kusahau, 70 inakuwa 350! Na pointi za kwanza zimekwisha kupotea. Mwenzako atajitetea na nini?

Python, luga ambayo Guido van Rossum alitoa mwaka 1991, iko na namna safi, iliyoingia mwaka 2000:

asilimia = [p * 5 for p in pointi]

Soma hivi: p mara 5, kwa kila p ya ndani ya pointi. Inatoka listi mpya, [70, 45, 85, 30]. Ile ya kwanza inabaki vile ilivyokuwa.

Unataka wenye 50 na zaidi tu? Ongeza sharti:

[a for a in asilimia if a >= 50]

Inatoka [70, 85].

Zoezi: kwa mstari mmoja, toa pointi zilizo chini ya 10 katika listi ya kwanza. Umeme wa Kikula ukikosa, fanya kwenye daftari. Ukipata [9, 6], umefahamu.