Apu ya VPN: Nani Atajibu Ukimdai?

Novemba 2024, Telegram ilipozimwa nchini Kenya wakati wa mtihani wa KCSE, ushauri uliozagaa kwenye makundi ya WhatsApp ulikuwa mmoja: weka VPN. Aliyeuliza "ipi?" aliambiwa yoyote ile, mradi ni ya bure. Mtihani uliisha, Telegram ikarudi, na huenda apu uliyoiweka siku hiyo bado imo kwenye simu yako.

Safu hii haitakutajia apu ya kununua. Itakueleza sheria inamdai nini mwenye apu, na jinsi ya kuyatumia madai hayo kumpima kabla hujamkabidhi mawasiliano yako.

VPN inabadilisha nini?

Kwa kawaida, kampuni inayokuuzia bando ndiyo inayoona simu yako inaingia tovuti zipi na saa ngapi. Ukiwasha VPN, mawasiliano yako yanafungwa kwa usimbaji, yanapelekwa kwenye seva ya mwenye apu, kisha yanatoka hapo kwenda yanakokwenda. Kampuni ya simu sasa inaona tu kwamba umeunganishwa na seva hiyo. Anayeona mengine ni mwenye apu.

Kwa hiyo VPN haikuondolei mtu wa kumwamini. Inakubadilishia tu. Kampuni ya simu ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, ina ofisi Nairobi, na ikikukosea unajua pa kupeleka malalamiko. Je, mwenye apu uliyoipata kwenye duka la apu la simu yako unamjua? Haki ya mtu huwa na mdaiwa. Asipojulikana mdaiwa, haki hiyo inabaki kwenye karatasi. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha VPN, na kinatangulia kasi, bei na idadi ya nyota.

Je, kutumia VPN ni kosa?

Nchini Kenya hakuna sheria inayomkataza mwananchi wa kawaida kutumia VPN. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha yako, yakiwemo mawasiliano yako. Lakini kosa ni kosa hata likifanywa kupitia VPN: ulaghai, vitisho au kudukua akaunti ya mtu havihalalishwi na seva iliyoko Uholanzi.

Ukivuka mpaka, mambo hubadilika. Ukishapita Namanga uko chini ya sheria za Tanzania, ambako kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinakataza kutumia teknolojia ya kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 za nchi hiyo, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, iliwataka watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN kuwasilisha taarifa zao kwake.

Ndugu zetu walioko Dubai nao wana sababu ya kuwa makini. Simu za sauti za WhatsApp zimefungwa huko, na wengi hutumia VPN ili kuzungumza na nyumbani. Sheria ya Falme za Kiarabu ya 2021 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inatoza faini ya kati ya dirhamu 500,000 na milioni 2, na hata kifungo, kwa anayeficha anwani yake ya IP ili kutenda kosa au kuzuia lisigunduliwe. Ukisafiri, uliza sheria ya uendako kabla hujaiwasha.

Mwenye apu anadaiwa nini?

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiishii kwa kampuni zilizosajiliwa Kenya. Kifungu cha 4 kinamhusu pia aliye nje ya nchi ikiwa anachakata data za watu walioko Kenya. Mwenye VPN anayekusanya barua pepe yako, anwani yako ya IP au orodha ya tovuti unazotembelea yumo.

Kifungu cha 29 kinamtaka akueleze mambo kadhaa kabla ya kukusanya chochote: kwamba data inakusanywa, ni ya kazi gani, nani mwingine atapewa, mwenyewe anapatikana wapi, ametumia njia gani kuilinda, na una haki gani. Fungua sera ya faragha ya apu, kisha utafute majibu hayo moja baada ya jingine. Huhitaji kuwa wakili. Ukikuta kurasa 3 za maneno matamu kuhusu uhuru wa intaneti, lakini hakuna jina la kampuni, nchi iliyosajiliwa wala anwani, umeshapata jibu.

Kuna kingine kinachowapita wengi. Kwa mujibu wa kifungu cha 32, mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikubali ni wa mwenye apu, si wako. Na ukishakubali, unaweza kuiondoa idhini yako wakati wowote.

Jina kubwa pekee halitoshi

Kumjua mwenyewe ni mwanzo tu. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, na apu ya VPN iliyoitwa Onavo Protect ikatangazwa kwamba inalinda data ya mtumiaji. Kumbe taarifa za matumizi ya simu za watu zilikuwa zikienda Facebook kwa manufaa yake ya kibiashara. Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni mbili tanzu za Meta, kampuni mama ya Facebook, zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kutowaeleza watumiaji ukweli huo ipasavyo.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Umaarufu wa kampuni si ushahidi wa uaminifu. Hata hivyo, kwa kuwa mwenye apu alijulikana, kulikuwa na mtu wa kufikishwa mahakamani. Hapa kwetu pia imeonekana: Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data za kibayometria ambazo mradi wa Worldcoin ulikusanya kwa Wakenya zifutwe. Mradi huo ulitoka nje ya nchi, lakini wahusika wake walijulikana.

"Hatuhifadhi kumbukumbu"

Karibu kila VPN inadai haihifadhi kumbukumbu za watumiaji wake. Julai 2020 watafiti walikuta data za apu 7 za VPN zilizohusishwa na Hong Kong, ikiwemo UFO VPN, zimeachwa wazi kwenye seva isiyo na nenosiri. Zilikuwa terabaiti 1.2, zikiwemo barua pepe na anwani za IP. Apu zote 7 zilikuwa zimewaahidi watumiaji kwamba hazihifadhi kitu.

Ahadi ya aina hii huthibitishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukaguzi wa kampuni huru, ripoti ikiwa imetolewa hadharani. Soma nani alikagua, lini, na alikagua nini hasa, kwa sababu kukagua tovuti ya kampuni si sawa na kukagua seva zake. Ya pili ni polisi kubisha hodi. Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika kwenye ofisi ya kampuni ya VPN ya Mullvad mjini Gothenburg wakiwa na hati ya upekuzi, wakaondoka bila data ya wateja, kwa maelezo kwamba haikuwepo.

Data yako ikivuja na kukuweka hatarini, kifungu cha 43 cha sheria yetu kinamtaka mwenye kuishika amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na akujulishe wewe pia kwa maandishi bila kuchelewa kupita kiasi.

Angalia inachoomba

Ukifungua apu ya VPN kwa mara ya kwanza kwenye Android, simu yenyewe hukuonyesha ombi: apu hii inataka kuweka muunganisho wa VPN utakaoiwezesha kufuatilia mawasiliano yako ya mtandao. Ukibonyeza Sawa, alama ya ufunguo hutokea juu ya skrini. Ruhusa hiyo ndiyo kiini cha kazi yake.

Apu ikiomba na orodha ya namba za simu, maikrofoni au SMS, simama hapo. SMS ndimo zinamoingia jumbe za M-Pesa na namba za siri za benki za kutumia mara moja. VPN haina kazi nazo. Kifungu cha 25 kinataka data inayokusanywa isizidi mahitaji ya kazi iliyotajwa, kwa hiyo ombi la ziada ni dalili mbaya kiusalama na ni hoja ya kulalamikia kisheria.

Ombi baya kuliko yote ni la kukutaka uweke cheti cha usalama kwenye simu. Tovuti ya benki yako tayari imesimbwa, na VPN ya kawaida huona tu kwamba umeitembelea, haioni ulichoandika humo. Cheti cha kigeni kinaweza kumpa mwenye apu uwezo wa kufungua hata hayo. Kataa, na uiondoe apu.

Dukani, soma pia sehemu ya usalama wa data ya apu hiyo, lakini ukumbuke kwamba aliyeijaza ni mwenye apu mwenyewe. Linganisha alichoandika hapo na sera yake ya faragha. Zikigongana, moja ni ya uongo.

Ya bure inalipiwa na nani?

Seva hukodishwa na umeme hulipiwa. Zipo VPN za bure ambazo gharama zake hubebwa na wateja wanaolipia huduma kubwa zaidi, na kampuni huwa inalisema hilo waziwazi. Usipoona chanzo cha fedha, shuku kwamba kinachouzwa ni data yako au muunganisho wako. Utafiti wa 2016 ulioshirikisha shirika la sayansi la Australia, CSIRO, ulichunguza apu 283 za VPN za Android: asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba mawasiliano kabisa.

Hatari ya muunganisho wako kuuzwa inagusa uhuru wako moja kwa moja. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa 911 S5, ulioenezwa kwa VPN za bure kama MaskVPN na DewVPN. Aliyeziweka kwenye kompyuta yake alikuwa, bila kujua, akiikodisha anwani yake ya IP kwa wahalifu. Anwani zaidi ya milioni 19 zilihusika. Ulaghai unapofanywa kupitia anwani yako, mpelelezi huanzia kwako.

Jambo hilo likikufika, usibishane wala usifute chochote kwenye kifaa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama kama muda huo umeangukia siku isiyo ya kazi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamtaka afisa aombe hati ya mahakama ili apekue data iliyohifadhiwa kwenye kifaa. Omba kuiona hati hiyo.

Mjaribu kwa barua

Kipimo bora ni kuitumia haki yako mapema. Kabla ya kulipia mwaka mzima, jisajili kwa muda mfupi kwa barua pepe usiyoitumia kwingine, kisha iandikie kampuni, kwa lugha inayotumia:

"Mimi ni mtumiaji wa apu yenu nikiwa Kenya. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019, naomba nakala ya data zangu mlizonazo. Naomba pia kujua mmewapa akina nani na mtazihifadhi hadi lini."

Kanuni za 2021 za sheria hiyo zinampa anayeshika data siku 7 kujibu ombi la aina hii, na siku 14 kushughulikia ombi la kufuta. Kampuni inayofanya inachosema itakujibu kwamba ina barua pepe yako na rekodi ya malipo, basi. Ikikuletea orodha ndefu wakati tangazo lake linasema haihifadhi kitu, una ushahidi wa uongo kwa maandishi yake yenyewe. Barua ikirudi kwa sababu anwani haipo, iondoe apu siku hiyo hiyo.

Ukikosewa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, kwa maandishi au kwa mdomo. Usipoweza kuandika, ofisi ndiyo inayotakiwa kuyaandika. Ambatanisha picha za skrini za tangazo, sera ya faragha kama ilivyosomeka siku uliyojiunga, risiti ya malipo na barua mlizoandikiana. Kifungu cha 56 kinataka malalamiko yakamilishwe ndani ya siku 90. Kifungu cha 65 kinakuruhusu kudai fidia ya hasara ya fedha, na pia ya mahangaiko uliyopata.

Picha ya sera ya faragha ipige leo, kabla hujaendelea kuitumia apu hiyo. Kampuni inaweza kuibadilisha kesho, na bila nakala ya zamani utakuwa na kazi ngumu kuonyesha ulichoahidiwa.