Programu Nzuri, Jina Lisilotamkika Kikaoni

Ukifanya kazi kitengo cha TEHAMA, huenda umekutana na Uptime Kuma, programu ya bure inayochunga tovuti na seva usiku na mchana, na kukutumia ujumbe kwa Telegram au baruapepe kitu kikizima. Ni kazi safi. Jina lake la pili ni la Kijapani, yaani dubu, na aliyelichagua hakumkosea mtu. Kwetu, hata hivyo, ni tusi la nguoni, na anayeumia zaidi ni dada wa zamu anayepaswa kulitamka mbele ya meneja. Akiona haya, taarifa huchelewa. Mwenzake akicheka, dada wa watu amedhalilishwa kazini.

Kwa hiyo mwone mkuu wako faraghani kabla ya kikao. Mweleze kwanza kazi ya programu, kisha jina na asili yake. Akilikuta mwenyewe ukutani, projekta ikiwaka mbele ya wageni, ataikataa programu nzima, na mimi simlaumu.

Halafu ipe jina la ofisini, tuseme Zamu, na ulitumie kila mahali. Ukiisimika kwa Docker, jina la kontena unaliandika mwenyewe, si lazima unakili lile la kwenye maelekezo. Anwani ya ndani nayo ianze na zamu. Mkipokea arifa kwa Discord, msiache wazi nafasi ya jina la boti, maana itajazwa lile lile mnalolikwepa. Ukurasa wa hali ya huduma, ule wanaoufungua wateja, ndio wa kukagua kwa makini: badilisha kichwa na nembo, zima mstari wa chini unaotaja programu, kisha ufungue kwa simu ambayo haijaingia kwenye mfumo, usome kila neno kama mteja.

Leseni yake ya MIT inaruhusu hata kubadili msimbo wenyewe. Sishauri. Mwaka 2019 watu waliochoshwa na jina la GIMP, programu ya kuhariri picha, walianzisha toleo lao, Glimpse. Kwa Kiingereza neno gimp ni tusi kwa mtu mwenye ulemavu. Kufikia 2021 mradi wa Glimpse ulikuwa umesimama kwa kukosa watu wa kuuendeleza. Kitengo chenu cha watu wawili kitaweza? Lakini GIMP nayo ipe tahadhari ile ile kama mna wenzenu wanaochomwa na neno hilo, hata kama masikioni mwako halina uzito.

Jina halisi, pamoja na yote hayo, lisifutike kwenye daftari la mifumo. Matoleo mapya na maonyo ya mianya ya usalama hutangazwa kwa jina hilo. Atakayekabidhiwa seva akiijua Zamu peke yake, atalisoma onyo na kulipita akidhani halimhusu. Andika majina yote mawili, na namba ya toleo kando yake.